Watoto wa Watu Hawahesabiwi

Bugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu. Maji yakiwa machache bugali unaungua, yakiwa mengi unakula mpaka kesho kutwa, na Eulalie, mwalimu wa wasichana wa darasa la nne kule Kadutu, mjini Bukavu, alikuwa katika mwaka wake wa sita wa kutafuta kipimo bila kukipata. Kila jioni alisonga, akala nusu kwa dagaa wakavu, ndakala, kidogo, akafunika nusu iliyobaki, na asubuhi akampa mbwa wa jirani. Mbwa yule ndiye aliyekuwa mgeni wake wa kila siku. Watu wa barabara ile walimheshimu, hilo nisiwanyime. Walimwamkia asubuhi, Mademoiselle, wakamwamkia jioni, Mademoiselle, kisha wakaingia kwao na kufunga mlango.

Mademoiselle ni neno zuri kwa msichana wa miaka kumi na minane. Eulalie alikuwa na thelathini na minne. Bukavu mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe: jirani wa kulia alikuwa Maman Gaston, wa kushoto Maman Léopold, na hata yule mama aliyeuza pombe ya ndizi pale kwenye kona, ambaye hakuna aliyejua ametoka wapi, alikuwa Maman wa mtu. Eulalie alikuwa ameolewa kule Walungu na mwanamume aliyeitwa Adalbert, na katika miaka saba ya ndoa hakupata hata mimba ya kuharibika. Mwaka wa nane Adalbert alimrudisha kwao kwa upole, akambebea sanduku yeye mwenyewe, na upole ule ulimuuma kuliko kama angempiga. Nyumbani kwao mke wa kaka yake alimhesabia kila kijiko alichotia mdomoni. Ndipo masista walipomchukua, wakamfundisha ualimu, wakampa chumba chenye baraza ndogo karibu na shule yao.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuwafundisha wasichana sala, kushona, usafi wa nyumba, na hesabu kidogo. Hesabu kidogo maana yake ni kiasi cha kumtosha mwanamke kupima kitambaa na chumvi. Ndivyo sista mkuu, Mbelgiji mwenye miwani, alivyomweleza siku ya kwanza. Wasichana waliimba majedwali ya kuzidisha kama wanavyoimba litania, na kama ilivyo kwa litania, wengi hawakujua walikuwa wanaomba nini. Ukiuliza saba mara nane walijibu upesi. Ukiuliza kwa nini, walikutazama kama mtu aliyeuliza kwa nini kuna Jumatano.

Basi siku moja Eulalie alitaka kuwatungia mafumbo ya kujumlisha yenye mambo ya nyumbani kwao, akamuuliza msichana wa mbele, Delphine, binti wa seremala, kwao wako watoto wangapi. Delphine akainama, akasema maman yake alimkataza. Akamuuliza wa pili, Apolline, mwenye akili kali na mdomo mkali kupita akili, naye akatazama dirishani. Eulalie aliona aibu. Yeye mwenyewe ni Mushi, wa kabila lao, mtoto wa mfugaji, hakuwa na haki ya kusahau. Watoto wa watu hawahesabiwi, wala ng'ombe wao. Ukiwataja kwa idadi umemfungulia mlango yule anayewatafuta, na sote tunajua ni nani huyo.

Lakini akakumbuka pia jinsi baba yake alivyokuwa akijibu. Ukimuuliza ng'ombe wake ni wangapi, mzee yule alisema hawajazi zizi la jirani, na wachungaji wawili wakigawana, mmoja atakwenda nyumbani amekasirika. Mwenye akili alielewa kwamba idadi haigawanyiki kwa mbili, na asiyekuwa nayo alikwenda zake, na mzee hakuwa ametaja namba yoyote. Eulalie akaweka chaki chini. Aliwaambia wasichana wasimwambie idadi. Wampe alama tu, na wengine waitafute namba kwa akili zao.

Hivyo ndivyo mchezo ulivyoanza, na wasichana wenyewe ndio walioupa maneno na sheria. Mwenye namba husema, "Nimefunika." Wenzake hujibu, "Funua pole pole." Kisha anatoa alama moja moja, na kila mmoja anaandika kwenye kibao chake namba zote zinazowezekana, anaondoa zisizofaa, mpaka ibaki moja. Na hiyo moja haitajwi. Unakibana kibao kifuani, mwenye namba anapita kuchungulia, akitikisa kichwa umekosa, akicheka umepata, halafu unatema mate kidogo unaifuta kwa kiganja. Eulalie aliongeza sheria moja tu: kubahatisha ni kuiba. Kila namba inayoondoka lazima iondoke na sababu yake, na kwa kuwa Bukavu sababu huitwa "juu", darasa lake lilijaa juu kutoka asubuhi mpaka mchana.

Delphine, ambaye siku ile aliinama, ndiye aliyefunika wa kwanza.

"Tuko zaidi ya batatu," alisema. "Hatufike kenda. Tukigawanyika babili babili, mumoja anabakia. Tukigawanyika batatu batatu, babili banabakia."

Vibao vikalia. Nne, tano, sita, saba, nane. Nne ikaondoka, na sita, na nane, juu zenyewe zinagawanyika kwa mbili bila kuacha mtu. Zikabaki tano na saba. Hapo wengi walitaka kuruka, na Eulalie akawazuia kwa jicho. Saba ukiitoa tatu tatu inaacha mmoja, siyo wawili. Basi saba nayo ikaondoka. Apolline alikuwa wa kwanza kubana kibao kifuani. Delphine alipita akichungulia na kucheka, akichungulia na kucheka, na alipofika kwa mwalimu wake, ambaye naye alikuwa ameandika, alicheka zaidi.

Tangu siku hiyo wasichana hawakutosheka na saa za shule. Walianza kuja barazani kwake mchana, sita, kisha kumi, kisha zaidi ya vile baraza ingeweza kubeba, wakakaa mpaka kwenye ngazi, ziwa likiwa chini yao na mvua ikija kutoka upande wa Rwanda. Walifunika ndugu zao, kuku wa jirani, vifungo vya kanzu ya padri. Eulalie alisonga bugali mwingi, na kwa mara ya kwanza ulikuwa haubaki. Mbwa alikonda. Niseme wazi, maana yeye mwenyewe hakumwambia mtu: furaha ile ilimtisha. Kila mchana alisikiliza miguu yao kwenye changarawe kabla haijafika, na siku walipochelewa aliingia ndani asionekane akingoja. Hakuwa na kingine duniani, na alijua kwamba hakuwa nacho.

Mchana mmoja Apolline alimgeukia. Mademoiselle anajua namba za wote, alisema, na yeye hajafunika hata mara moja. Wenzake wakaitikia. Eulalie angeweza kufunika vitabu vyake, au viti, lakini kwa sheria ya wasichana fumbo la kwanza la kila mtu lilikuwa watoto wa nyumbani kwake, na hakuwa mtu wa kukwepa sheria aliyowaachia wengine.

"Nimefunika," alisema.

"Funua pole pole."

"Mimi ni mdogo kuliko mbili. Ukinitia kwa tano, tano inabakia tano."

Walikuwa na namba mbili tu mbele yao, na walifanya kama walivyofundishwa. Apolline alisimama kutoa sababu. "Moja inaondoka, juu moja ukiitia kwa tano inazala sita," alisema. "Iyi haizale kitu." Kisha akaandika, akabana kibao, na wengine wakabana, na kimya kikaingia barazani ambacho hakuna aliyekitaka.

Ilikuwa Delphine, msichana mwenye huruma, aliyejaribu kukivunja. Kwake yeye namba ile aliijua mahali pamoja tu, kwenye daftari, kwa wino mwekundu. Ni namba ya mtu aliyekosa.

"Mademoiselle," aliuliza taratibu, "ulikosaka nini?"

Eulalie alimjibu kwamba hajui. Lilikuwa jibu la kweli. Kisha aliwaambia wafute, wakafuta, akaingia ndani kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mezani.

Mvua za Novemba zilileta surua. Ilipanda Kadutu nyumba kwa nyumba, na kwa seremala iliingia mapema. Seremala mwenyewe alikuwa kazini Lwiro, kwenye majengo mapya ya wataalamu, akirudi mara moja kwa mwezi. Delphine hakuja shule siku tatu, kisha wiki, kisha zikaja habari kwamba mdogo wake wa mwisho, mvulana aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti, amezikwa. Eulalie alikwenda mazishini akasimama nyuma kabisa. Wanawake wasio na watoto hawasogei karibu na kaburi la mtoto. Hakuna aliyemkataza, alijikataza.

Delphine aliporudi, alikuja mchana barazani pamoja na wengine, akakaa mahali pake. Wenzake walicheza chini chini kwa kumwonea haya. Halafu, katikati ya fumbo la mtu mwingine, akasema amefunika.

Eulalie alimwambia siyo lazima leo. Msichana alitikisa kichwa, akaanza. Wako zaidi ya watatu. Hawafiki kenda. Wakigawanyika wawili wawili, hakuna anayebaki. Wakigawanyika watatu watatu, mmoja anabaki.

Watoto wale walikuwa wamefundishwa vizuri mno. Mikono yao ilifanya kazi kabla ya mioyo kuwahi kuizuia: nne, sita, nane, sita haiachi mtu, nane inaacha wawili. Kila kibao kikawa na namba ile ile, na kila mtoto akakumbuka namba iliyokuwa hapo zamani. Constance, mdogo kuliko wote, alianza kulia. Delphine hakulia. Alipita akichungulia kila kibao, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehakikisha. Kisha, kwa kuwa ndiyo sheria, wakatema mate wakafuta.

Mdomo wa Apolline haukulifikisha jambo hilo nyumbani salama. Alimwambia mama yake yote, kwa sifa tu, kuonyesha jinsi wanavyojua kufikiri: kwamba walijua idadi ya akina Delphine ilipokuwa kamili, na sasa wameijua ilipopungua, na hakuna aliyewaambia. Maman Apolline aliuza maharagwe sokoni, na sokoni neno haliendi kwa miguu, linapanda gari. Kufika Ijumaa lilikuwa hivi: yule mwanamke tasa wa shule anahesabu watoto wa watu. Anaandika idadi yao kwenye kibao, anatema mate, anafuta. Akina Delphine waliandikwa mwanzo wa mwezi wa kumi, wakafutwa, na mwezi wa kumi na moja mtoto akafa. Nani atakuwa wa pili?

Tusicheke haraka. Penye wengi pana mengi, lakini hofu ya mama yeyote mwenye mtoto mwenye homa ndani haitaki ushahidi mkubwa. Surua ilikuwa bado inatembea. Jumatatu iliyofuata, kati ya wasichana thelathini na mmoja, walikuja kumi na wanne. Jumanne walikuja tisa. Barazani hakuja mtu tena, na Eulalie alijikuta amesonga bugali wa watu kumi, akautazama ukipoa mpaka ukafanya ngozi juu.

Sista mkuu alimwita ofisini. Alisema huo ni ujinga wa kishenzi na kwamba yeye hausadiki hata kidogo; alisema pia kwamba shule haiwezi kukaa tupu. Huko Minova kulikuwa na darasa la kushona lililohitaji mwalimu, wasichana wanane, chumba kizuri, mandhari ya ziwa. Kama wazazi hawatatulia, Eulalie angehamia huko baada ya Noeli. Eulalie alisema ndiyo, ma sœur. Njiani kurudi alifikiri habari ya mandhari ya ziwa. Alikuwa ameliangalia ziwa lile kwa miaka sita, na halijawahi kumuuliza kitu.

Aliyejitokeza kumsaidia alikuwa katekista, Philémon, mzee mpole aliyejua kupatanisha watu kwa sababu alikuwa na wake wa kaka zake wanne nyumba moja. Alipanga wazazi wakutane shuleni Jumapili baada ya Misa. Jumamosi mchana alimfuata Eulalie barazani, akakaa kwenye ngazi, akamweleza mpango. Hakuna namba iliyowahi kutamkwa, sivyo? Ndivyo. Basi. Kesho atauliza swali moja tu mbele ya wote: je, Mademoiselle alijua idadi ya watoto wa watu hawa? Naye atajibu hapana, hakuambiwa. Wataona kwamba hakuna aliyehesabiwa, roho zitashuka, na Jumatatu watoto watarudi.

"Neno moja," alisema mzee. "Hata siyo uongo. Hakuna mutu alikuambiaka."

Eulalie alimshukuru kutoka moyoni. Usiku ule alilala vizuri kuliko wiki zote, na ndotoni alisikia miguu kwenye changarawe.

Jumapili walijaa darasani, wazazi kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakiwa juu. Wasichana walisimama ukutani, wote, pamoja na wale ambao hawakuja wiki nzima. Maman Delphine alikaa nyuma karibu na mlango, kitambaa cha msiba kichwani, mikono imelala mapajani kwa jinsi mikono inavyolala ikiwa imezoea kushika mtoto. Hakuwa amemshitaki mtu. Tangu mazishi, walisema, hakuwa amezungumza zaidi ya kuagiza maji. Maman Apolline alizungumza kwa wote, na kwa kirefu, na wengine wakaguna walipopaswa kuguna.

Kisha Philémon akasimama, akauliza swali lake moja kama alivyoahidi, kwa sauti ya upole, akitabasamu tayari kwa ajili ya jibu.

Eulalie alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale. Aliiona baraza ikijaa, alisikia vibao, aliusikia hata mwiko kwenye sufuria. Vyote vilikuwa nyuma ya neno moja, na alivitaka kwa nguvu iliyomtia haya. Akawatazama wasichana. Walikuwa wanamtazama wote kwa namna moja, siyo kwa kumhukumu, ila kwa namna wanayotazama ubao wakingoja waone namba gani inaondoka. Wao walijua kwamba alijua. Walikuwa wamechungulia kibao chake. Akisema hapana, wangerudi kesho, wangekaa barazani na kula bugali, na hakuna hata mmoja ambaye angemuuliza tena sababu, juu ya nini.

"Nilijua," alisema.

Tabasamu la Philémon lilibaki usoni kidogo, halina pa kwenda.

"Nilijua namba za watoto wenu wote," aliendelea Eulalie. "Hakuna mutu aliniambia. Lakini niliwafundisha batoto kwamba ukiondoa zote zisizowezekana, ile inayobakia unaijua, hata kama mudomo haukuitaja. Nikisema leo sikujua, nitakuwa nimewafundisha uongo. Sikumuombea mutoto yeyote mabaya. Lakini kujua, nilijua."

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini Mungu hakuwa na binti darasa la nne. Maman Apolline alisimama kwanza, akamshika wake mkono. Walitoka wawili wawili, watatu watatu, bila kelele, na hilo la bila kelele ndilo lililomuuma Eulalie, matusi angeyajibu. Philémon alimwambia kwa huzuni kwamba yeye alikuwa amemfungulia mlango. Maman Delphine alitoka wa mwisho. Alisimama mlangoni, akamtazama Eulalie kwa muda mrefu, kisha naye akaondoka.

Jumatatu mvua ilianza kabla ya kengele. Eulalie aliketi kwenye meza yake, madirisha yamefungwa, akafanya kitu pekee alichojua kufanya: akaondoa. Apolline hatakuja, juu mama yake ameapa mbele ya watu. Constance hatakuja, juu anaishi jirani na Apolline na hawezi kupita peke yake. Mabinti wa askari hawatakuja, juu baba yao hataki maneno. Aliwapitia wote, dawati kwa dawati, na kila mmoja aliondoka na sababu yake. Delphine alikuwa amemwondoa wa kwanza kabisa, kabla hata ya kuanza, kwa kuwa sababu yake haikuhitaji kutajwa. Alifika mwisho, na namba iliyobaki ilikuwa ile ile aliyowafunikia barazani. Aliona uchungu, na ndani ya uchungu aliona kwamba hesabu ilikuwa safi, haina kosa hata moja. Aliinuka kufungua mlango kwa sababu tu ni kazi yake kufungua mlango.

Nje, chini ya ukingo wa bati, alisimama Delphine, na nyuma yake mama yake, jani la mgomba juu ya vichwa vyao wote wawili. Walionekana wamesimama hapo kwa muda.

Eulalie aliwakaribisha ndani. Delphine alikwenda mahali pake. Mama hakukaa. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, na maji yalimtiririka kwenye mikono na kuanguka sakafuni, naye hakuyajali. Eulalie alianza kusema pole, na kwamba kama amekuja kumlaumu ana haki yote, na mama akainua mkono kumzuia.

Sauti yake ilikuwa imekwama kwa kutotumika. Alisema kwamba tangu siku ile kila mtu anayekuja kumpa pole anamwambia ashukuru, Mungu amemwachia wengine. Alikuwa mudogo, wanamwambia, alikuwa bado hajasema neno, utapata mwingine. Mume wake amerudi Lwiro. Mama mkwe ameichukua nguo ya kumbebea ili asiione. Nyumbani hakuna anayemtaja, na yeye mwenyewe, kwa ile sheria ya kutohesabu, hajawahi kumwambia mtu hata mara moja kwamba walikuwa hivi na sasa wako hivi. Mara nyingine asubuhi anajiuliza kama alimuota tu.

"Jana batu bote walikuwa banangojea useme haukujua," alisema. "Mimi pia nilikuwa nangojea. Nikasema moyoni, akisema hakujua, basi hakuna mutu hata mumoja inje ya nyumba yangu alijua huyu mutoto alikuwaka." Akafuta maji usoni. "Ulisema ulijua."

Eulalie alishika ukingo wa meza. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, na neno hilo lilikuwa limemfungia mlango maisha yake yote. Alisema jambo la pekee ambalo lilikuwa la kweli.

"Namba niliijua, maman. Jina sikulijua."

Mama akatazama chini. Delphine, pale kwenye dawati lake, katikati ya madawati matupu thelathini, alikuwa amegeuka kuwatazama. Mvua ilipiga bati kwa nguvu, na mama akangoja ipungue kidogo ili neno lisipotee.

"Raphaël," alisema.